Mafua ya Julai na mimba: anza kwa kuhesabu pumzi

Juni na Julai huku Makete sakitu inaunguza majani ya viazi na nyumba nzima inakohoa. Nimefanya ukunga miaka 29. Nimestaafu, ila mabinti bado wanagonga: "Shikamoo bibi, nina mafua na mimba ina miezi saba, ninywe nini?" Naitikia marahaba, namwambia akae avue koti. Mambo ya dawa baadaye, kwanza namhesabia pumzi.

Nawe fanya hivyo. Kama umetoka kupanda mlima, tulia kwanza dakika tano. Weka kiganja juu ya tumbo, chini kidogo ya matiti, washa saa ya simu, hesabu kila kifua kinapopanda kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Mimba kubwa hukufanya uvute pumzi ndefu na kuona kama hewa haitoshi, hiyo ni kawaida, lakini haikufanyi upumue mbiombio. Zikizidi 24, nenda kituoni siku hiyohiyo. Zikifika 30, au ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta hewa, kifua kikiuma, midomo ikibadilika rangi, mtoto akipunguza kucheza, usisubiri kukuche.

Najua utasema ni mafua tu. Mji wa mimba unasukuma mapafu kwenda juu, moyo unafanya kazi ya ziada, na kinga ya mwili nayo hubadilika. Virusi vya homa ya mafua au vya Uviko vinavyomlaza mumeo siku tatu, wewe vinaweza kukuletea nimonia. Mama akizidiwa, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya siku zake, hata kufia tumboni. Wengi hupona nyumbani, usikeshe ukilia.

Ukiwa na homa, pima malaria kwanza, hasa kama ulishuka Kyela kusalimia wakwe. Baridi ya Makete hutusahaulisha mbu wa bondeni. Kushusha homa tumia paracetamol: vidonge viwili vya miligramu 500, urudie baada ya saa sita ikibidi, visizidi vinane kwa siku. Angalia boksi la dawa ya mafua uliyouziwa, nyingi zina paracetamol ndani, usije ukanywa mara mbili. Diklofenaki na ibuprofeni ziache: zinaweza kupunguza maji yanayomzunguka mtoto, na miezi ya mwisho zinaweza kufunga mshipa wa karibu na moyo ambao anauhitaji mpaka azaliwe. Amoksilini za kununua tano tano dukani haziui virusi.

Nyungu je? Tangu 2020 kila mtu ni mtaalamu wa nyungu. Mjamzito akijifunika blanketi juu ya sufuria inayochemka, mwili unapanda joto, kizunguzungu kinamshika, maji yanamwagikia mapajani. Kunywa tangawizi na limau, inatosha.

Kinachonitisha zaidi huku ni jiko la mkaa. Mimba yangu ya pili, nikiwa na kikohozi, niliingiza jiko chumbani, nikaziba chini ya mlango kwa gunia. Mimi, mkunga! Usiku mume wangu aliamka kwenda haja, akafungua mlango tu akaanguka palepale kizingitini. Upepo ulioingia ndio uliotuokoa. Hewa ile ya mkaa haina harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na mtoto tumboni hana dirisha. Ota moto jikoni mlango ukiwa wazi, kisha lala na soksi, sweta, na chupa ya maji ya moto uliyoifunga kwa kanga. Dirisha liachie upenyo wa vidole viwili.

Ukifika kituoni usijipange kimya kwenye benchi. Toa kadi ya kliniki, useme mlangoni: "Nina mimba ya miezi saba, napumua mara 32 kwa dakika." Namba hiyo inasikika kuliko "najisikia vibaya".

Ukijifungua bado unakohoa, usimwachishe titi. Maziwa yako yana kinga dhidi ya hivyohivyo virusi. Vaa barakoa, nawa kwa sabuni, mnyonyeshe. Wanaokuja kumwona mzazi waache kuku na unga sebuleni, mwenye mafua asimbusu mtoto, hata akiwa mama mkwe. Mlaumu bibi mkunga.

Kichanga hupumulia pua, kwa hiyo mafua humkatisha kunyonya. Akikataa titi, akilegea, akiwa wa moto nyuzi 37.5 au zaidi, au wa baridi hata ukimfunika, au nyama za chini ya mbavu zikizama anapovuta hewa, mpeleke. Kumhesabia, subiri atulie, funua kanga uone tumbo. Pumzi zake hazina mpangilio, husita kidogo kisha huendelea, ndiyo maana lazima iwe dakika nzima. Zikifika 60, hesabu upya. Zikirudi 60 au zaidi, mfunge kifuani ngozi kwa ngozi, koti juu yenu, mwite wa bodaboda.