Namna ya Kusoma Wosia wa Kale Bila Kumsingizia Marehemu

Anayeshika wosia wa kale kwa mara ya kwanza hukimbilia kuuliza nani alipendwa na nani alichukiwa. Mimi hupenda kusoma nyaraka hizi za Uingereza, na swali langu la kwanza ni jingine: nani alikuwa ameshapewa chake? Mwana mkubwa asiyetajwa huenda ardhi ilimfikia kwa sheria. Binti aliyeachiwa shilingi chache huenda alichukua fungu lake siku ya kuolewa. Kutotajwa si lazima kuwe ugomvi.

Chora safu nne: jina, uhusiano, alichopewa, sharti. Maneno ya mwanzo ya kumkabidhi Mungu roho usiyategemee sana, maana mara nyingi ni ya karani. Utamu uko kwenye safu ya sharti.

Jizoeze na wosia wa William Shakespeare wa tarehe 25 Machi 1616, kama mwezi mmoja kabla hajafa. Wengi wanajua habari ya mkewe Anne kuachiwa kitanda cha pili kwa ubora, maneno yaliyochomekwa kati ya mistari. Lakini kwa kawaida mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe maisha yake yote, wosia useme usiseme. Kitanda hicho peke yake hakithibitishi kitu, na binafsi kimenichosha.

Mtazame Judith, binti mdogo. Aliolewa na Thomas Quiney Februari mwaka huohuo. Machi akazikwa mwanamke mwingine aliyepewa mimba na Quiney, yeye na mtoto wake. Na siku moja tu baada ya tarehe ya wosia, Quiney alifikishwa mbele ya mahakama ya kanisa. Sasa soma masharti. Judith apewe pauni 100 za ndoa, na 50 nyingine akiachia haki yake katika nyumba fulani ndogo. Pauni 150 zaidi zitatolewa ikiwa yeye au mtoto wake atakuwa hai baada ya miaka 3, lakini akiwa na mume atalipwa faida yake ya kila mwaka tu. Mume hazishiki mpaka amwandikie mkewe ardhi yenye thamani hiyohiyo. Jina la Quiney halimo kabisa, na pale karani alipoanza kuandika "mkwe", neno limekatwa. Baba huyu hakutukana mtu. Alifunga mlango kwa hesabu.

Susanna, binti mkubwa, alipata nyumba kubwa ya New Place, na yeye na mumewe John Hall wakateuliwa wasii. Usiache kumtafuta wasii katika kila wosia. Zawadi hutolewa hata kwa adabu tu, ila kazi ya kulipa madeni na kugawa mali hupewa anayeaminika.

Ukikuta "mke wangu abaki na nyumba maadamu hajaolewa tena", usiharakishe kusema ni wivu. Mjane akiolewa, mali yake iliweza kuishia mikononi mwa mume mpya, na watoto wa kwanza wakabaki mikono mitupu.

Wosia za wake walio katika ndoa ni chache, kwani kabla ya sheria ya 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa, mke alihitaji ridhaa ya mumewe ili arithishe vitu vyake. Tafuta za wajane na za wanawake wasioolewa. Hao hugawa gauni hili kwa mpwa huyu, pete ile kwa jirani yule, na safu yako ya uhusiano hujaa hadi pembeni.

Mwisho, linganisha tarehe ya wosia na ya kuthibitishwa kwake mahakamani. Zikikaribiana, aliyeandikisha pengine alikuwa kitandani hoi, basi waangalie mashahidi: yamkini ndio waliokuwa chumbani. Majina yao yatafute katika daftari la ubatizo na maziko la parokia ileile.