Bloku ya tremolo: pima kwanza, nunua baadaye

Juzi kijana mmoja anayepiga muziki wa bango kwenye maharusi aliniletea gita lake hapa Majengo. Alitaka tumwekee bloku ya chuma kwenye tremolo, ule mtambo wenye mkono wa kuyumbisha noti, ili sauti ishibe. Nikamwambia pesa irudishe mfukoni, tulifungue kwanza.

Nawe fanya hivyo. Laza gita kifudifudi, ondoa kifuniko cha nyuma. Springi utakazoziona zimeshika kipande kizito. Hicho ndicho bloku. Kigusishe sumaku ya spika iliyokufa. Ikinata, ni chuma. Isiponata, kwa gita la bei nafuu karibu kila mara ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Gita la Fender Stratocaster la kwanza, la mwaka 1954, lilikuwa na bloku ya chuma; zinki iliingia miaka ya 1970.

La kijana halikunata. Lakini nyuzi zake zilikuwa zimeota kutu hadi zinakwaruza kidole. Anapiga hoteli za Bamburi, upepo wa bahari unamjia usoni usiku kucha, na nyuzi hizo zilikuwa na miezi minne. Tukaweka mpya. Nusu ya sauti aliyokuwa akiitafuta ikarudi hapo hapo, naye akanyamaza akisikiliza.

Kisha tyuni, bonyeza mkono wa tremolo taratibu, uachie. Ukisikia "tik" huko kichwani mwa gita, uzi unakwama kwenye nati ya shingo, kile kipande chenye mifereji ya kupitishia nyuzi. Legeza uzi, utoe, sugua penseli laini ndani ya mfereji wake, urudishe. Halafu tazama skrubu sita za mbele ya daraja, lile bamba linaloshika nyuzi mwilini: zikikazwa mno, bamba haliwezi kuinama wala kurudi mahali pake. Mimi huacha mbili za pembeni zibebe kazi, zile nne za kati nazilegeza kidogo. Nyuma, ndoano ya springi inakazwa kwa skrubu mbili. Zizungushe nusu mzunguko kwa wakati, utyuni tena kila mara, mpaka bamba linyanyuke kama milimita 3 kwa nyuma. Angalia usikate waya wa athi uliochomelewa kwenye ndoano hiyo. Ukikatika, gita litavuma.

Bado unataka bloku? Pima. Kutoka katikati ya skrubu ya kwanza hadi ya sita, magita mengine yana milimita 56, mengine 52.5. Pima pia kina cha shimo inamokaa bloku. Yangu niliagiza bila kupima kina. Ikatokeza nyuma na kifuniko hakikufunga tena. Mwaka mzima nilipiga nikiwa nimeiziba kwa tepu, na iliniuma, maana bloku ya zamani nilikuwa nimeshaigawa.

Na sauti? Inabadilika, kidogo. Nilirekodi kwa simu kabla na baada, nyuzi mpya mara zote mbili, amplifaya ileile, vitufe havikuguswa. Uzi mnene wa sita ulidumu zaidi kidogo na mwanzo wa noti ukawa mkali. Nyuzi nyembamba sikuzitofautisha. Ngoma na besi zikishaingia, hata mimi sisikii. Kwa pesa hiyohiyo, gita lenye bloku ya zinki na pikapu dhaifu (zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) litafaidika zaidi na pikapu mpya.

Kijana hakununua bloku. Alinunua seti mbili za nyuzi na kichupa cha mafuta ya cherehani, anayapaka kwenye skrubu za daraja kila akitoka ufukweni.