Intaneti ya dishi ikikata, kalitikise bomba kwanza

Wana Dodoma mnaotumia intaneti ya setilaiti, upepo huu wa Julai na Agosti msiuchukulie poa. Mwaka jana nilizima na kuwasha modemu siku tatu nzima, nikaongeza hadi kifurushi, kumbe bomba lililobeba dishi lilikuwa limelegea. Unalishika, linazunguka! Dishi la kufungwa na fundi linalenga setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta; likihama digrii moja au mbili tu, umeipoteza.

Chomeka kompyuta kwenye modemu kwa waya. Intaneti ikipatikana, tatizo ni WiFi yako ya ndani, dishi liache. Isipopatikana, panda ukatikise bomba. Kisha zima modemu, maana waya unaotoka kwenye modemu hadi kwenye dishi unapeleka umeme juu, ufungue kichwa cha waya kwenye dishi. Ukikuta ukijani wa kutu, ni mvua za Januari hizo. Kata ncha, funga kichwa kipya, zungushia tepu ya kuzuia maji.

Vumbi jekundu juu ya dishi halina neno. Na siku fundi akishalenga, piga mstari wa maka pen kuanzia kwenye bomba hadi kwenye kibano. Likihama, utaliona kwa macho.