Mama Akirudi na Goti Jipya: Namna ya Kumuuguza Wiki Sita za Kwanza

Nikiingia chumbani kwa mgonjwa aliyebadilishwa goti, macho yangu huenda kwanza kwenye mto. Karibu kila nyumba naukuta: mto laini umewekwa chini ya goti lililopasuliwa, mama amelala mguu umekunjika kidogo, na anasema hapo ndipo anapopata nafuu. Anasema kweli. Goti lililovimba huuma kidogo likiwa limekunjwa hivyo. Lakini likizoea mkao huo wiki mbili tatu, nyama na kano za nyuma ya goti hukaza, na goti lisilonyooka humfanya mtu achechemee hata kama daktari alilipandikiza vizuri kabisa. Uondoeni mto huo leo. Mara kadhaa kwa siku viringisheni taulo, muiweke chini ya kisigino, goti lining'inie bila kitu chini yake kwa dakika kumi hivi. Litauma kidogo, na ndivyo linavyojifunza kunyooka.

Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na wagonjwa wangu wengi nawafuata majumbani hapa Dar es Salaam. Wengine wamepasuliwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wengine wametoka India. Wote wanarudi kwa watoto wanaowapenda, na huruma ya watoto hao ndiyo ninayohangaika nayo kuliko kidonda chenyewe. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaouguza.

Anzeni na choo, tena kabla mama hajaenda kupasuliwa. Choo cha kuchuchumaa hakifai kabisa miezi hii. Kama nyumbani hakuna choo cha kukaa, fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kiti cha chuma chenye mikono na tundu katikati, miguu yake akaivisha mpira kisiteleze. Kiti cha plastiki kilichotobolewa sikikubali. Kinapinda na kuteleza kwenye sakafu yenye maji. Kitanda kiwe cha kimo cha kutosha, mama akikaa ukingoni nyayo ziguse chini na nyonga zisiwe chini ya magoti. Makochi ya kuzama ya sebuleni ayaache. Akae kwenye kiti cha mezani chenye mikono. Mikeka na mazulia madogo yakunjwe, ndala ziwekwe kando, avae viatu vyenye mkanda nyuma. Kanga aifunge juu kidogo ya kifundo cha mguu isije ikamkwaza.

Hospitali nyingi humsimamisha mgonjwa siku ileile ya upasuaji au kesho yake, kwa ile fremu ya miguu minne ambayo wengi huita woka. Akifika nyumbani, familia inamrudisha kitandani. Chai inaletwa, maji yanaletwa, hata rimoti ya televisheni inaletwa. Wageni nao wanakuja kutoa pole, na mama anawapokea akiwa amelala toka asubuhi hadi alasiri. Mimi hupenda wageni watumike kama dawa: kila anayeaga, mama amsindikize hadi mlangoni kwa woka yake. Atasimama, atatembea, atarudi na kukaa mara nyingi kwa siku, na adabu ya nyumba haitavunjika. Chai akanywe mezani pamoja na wengine. Kisha apumzike mguu ukiwa juu, kisigino na muundi juu ya mito, goti limenyooka.

Dawa ya maumivu apewe nusu saa hadi dakika arobaini na tano kabla ya mazoezi. Anayengoja mpaka maumivu yamshinde hafanyi zoezi lolote. Mazoezi ya msingi hayahitaji kifaa. Alale chali, akaze msuli wa paja akisukuma goti lielekee godoroni, ahesabu hadi tano, aachie. Apige nyayo juu na chini ili damu isituame kwenye shavu la mguu. Aburute kisigino kuelekea makalio, taratibu. Akikaa kitini, aurudishe mguu nyuma chini ya kiti kadiri anavyoweza, akisaidiwa na mguu mzima. Goti linahitaji kukunjika nyuzi 90 ili mtu ainuke kitini bila tabu, na kwa kawaida tunataka afike hapo karibu na wiki ya pili. Vikao vifupi vya mara kwa mara ni bora kuliko kikao kimoja kirefu kinacholiacha goti limevimba usiku kucha. Baada ya zoezi, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi na tano hadi ishirini, bila kulowanisha mshono.

Barafu, nasema, wala si maji ya moto. Najua bibi zetu walikanda kila kitu, lakini goti hili msilikande, msilichue, msilipake mafuta wala dawa ya miti. Mshono ukae mkavu na safi hadi nyuzi zitolewe, mara nyingi kati ya siku ya 10 na ya 14.

Dawa za kuzuia damu kuganda, ziwe vidonge au sindano, azimalize kama zilivyoandikwa. Na tafadhali, msimnunulie diklofenaki, ile dawa ya maumivu, duka la dawa kwa kuwa jirani ilimsaidia. Ikichanganywa na dawa hizo, hatari ya kutokwa damu tumboni huongezeka, na figo za mtu mzima mwenye presha zinaweza kuumia. Akipewa tramadoli, dawa kali ya maumivu, huenda akafunga choo: mpeni papai, mboga za majani na maji ya kutosha. Kwa mwenye kisukari, uji wenye sukari unaoletwa na kila mgeni unachelewesha kidonda. Leteni mayai, samaki, maharage.

Sasa mambo yasiyongoja kesho. Shavu la mguu likivimba, likiwa la moto na kuuma likiguswa, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Akibanwa na pumzi ghafla au kifua kikimchoma, iwe dakika hiyohiyo. Mshono ukitoa majimaji au usaha, wekundu ukisambaa, au akipata homa inayoendelea, mrudisheni kwa waliompasua kabla ya kumpa antibayotiki yoyote, kwa sababu vidonge hivyo huficha mdudu maabara isimwone. Maambukizi yakiwahiwa mapema, mara nyingi goti linaweza kusafishwa likabaki mahali pake. Uvimbe na joto la wastani visiwatishe. Huweza kukaa miezi. Ganzi kando ya kovu, upande wa nje, ni kawaida pia.

Ngazini, kupanda mguu mzima utangulie, kushuka utangulie uliopasuliwa. Akihamia mkongojo mmoja, aushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hukosea hapa. Sala aziswali kitini. Bodaboda asipande, na kwenye gari akae kiti cha mbele kilichosukumwa nyuma. Jikoni arudi mapema, nalipenda sana hilo, asimame akate mchicha, ila mbuzi ya nazi amwachie mjukuu, maana kile kimo kinalikunja goti kupita kiasi na kuinuka kwake ni hatari.

Miezi ikipita, jino bovu, kidonda cha mguu au mkojo unaochoma vitibiwe haraka, kwa kuwa vijidudu husafiri na damu hadi kwenye kiungo bandia. Amwambie kila daktari, hata wa meno, kwamba ana goti bandia. Ile karatasi ya upasuaji yenye aina na namba za goti ipigeni picha, ikae kwenye simu za watoto wawili. Daktari atakayelifungua tena goti hilo baada ya miaka ishirini ataihitaji.