Jinsi ya kumfuatilia risiva wa NFL aliyekosa drafti, ukiwa hapa hapa Kigoma

Wadau wa Kigoma, hasa nyie mnaocheza winga pale Mwanga na Ujiji mkaenda majaribio na jina halikusomwa, hii ni yenu. Siku hizi klipu za mpira wa Marekani zinapita sana kwenye simu, watu wanaona jamaa kadaka mpira kwa mkono mmoja basi wanasema huyu ndo mkali, ila mimi nataka niwaelekeze namna ya kumfuatilia mtu mmoja tu, risiva, yani yule mdakaji wa mipira inayorushwa, ambaye hakuna timu iliyomchagua, kuanzia Aprili mpaka Januari. Ukimfuatilia huyo utauelewa huu mchezo kuliko ukiangalia mastaa kumi, na kusema ukweli hawa ndo wanaonifanya nikeshe.

Kwanza ujue wanakosaje. NFL, ligi kuu ya mpira wa Marekani, ina timu 32, na kila mwaka mwishoni mwa Aprili zinachagua vijana wanaotoka vyuoni kwa zamu, hiyo ndo drafti, raundi 7, siku 3, Alhamisi mpaka Jumamosi, na majina yote yanakuwa kama 260 hivi. Wengine wote wanabaki nje. Zamani raundi zilikuwa nyingi, mwaka 1973 zilikuwa 17 na yakasomwa majina 442, na bado Drew Pearson wa chuo cha Tulsa hakuwemo, Dallas Cowboys wakamchukua hivi hivi baada ya drafti, na mwaka 2021 akaingizwa kwenye jumba la magwiji kule Canton, Ohio. Majina 442 yamepita na lako halimo, hebu fikiria.

Sasa wewe kazi yako inaanza pale drafti inapoisha, ambapo kwetu ni usiku wa kuamkia Jumapili. Ndani ya masaa machache simu zinapigwa na timu zinaanza kusaini waliobaki, Jumapili asubuhi ukiamka majina yameshajaa mtandaoni. Chagua mmoja. Usichague kwa klipu, klipu ya chuo kila mtu anayo nzuri. Nenda kwenye timu aliyosaini uhesabu marisiva waliopo, maana timu nyingi zikianza msimu zinabaki na marisiva 5 au 6 tu, kwa hiyo ukikuta wanne wana mikataba mikubwa na timu imetoka kudraft wengine wawili, huyo wako yuko pagumu, ila ukikuta wawili wazee na wengine majina hayajulikani, hapo pana nafasi. Na yeye na wakala wake wanapiga hesabu hiyo hiyo. Kwa hapo aliyekosa kabisa ana unafuu kidogo kuliko aliyechaguliwa mwishoni mwa raundi ya 7, yule anaenda alikoitwa hata kama kumejaa, huyu kama timu mbili tatu zinamtaka anachagua mwenyewe. Mkataba unaandikwa miaka 3 lakini usidanganyike na hiyo 3, hauna ulinzi wa maana, wanaweza kumwacha hata kesho yake.

Mei na Juni kuna mazoezi, huko usihangaike sana. Tumia muda huo kujifunza kumwangalia, na hapa naomba mtulie nami kidogo.

Watu wengi wanaangalia mpira ukiwa hewani. Wewe angalia miguu kabla mpira haujarushwa. Chukua njia moja rahisi, inaitwa slanti, risiva anaenda mbele hatua tatu hivi afu anakata ndani kwa mshazari. Angalia ile hatua ya mwisho, mguu wa nje unakita chini, kiuno kinashuka, goti liko juu ya vidole, kifua bado kimeelekea mbele kama vile anaendelea kukimbia moja kwa moja. Kona beki anayemkaba hasomi macho, anasoma kifua na kiuno. Risiva akiinua kifua nusu sekunde kabla ya kukata, ameshasema anaenda wapi, na kona beki wa NFL hiyo nusu sekunde inamtosha kabisa. Ndo maana utakuta kijana ana mbio za ajabu na hapati mpira, na mwingine mbio zake za kawaida yuko huru kila mara. Wes Welker alikuwa na futi 5 na inchi 9 tu, mfupi kwa marisiva, lakini ile breki yake ndani ya yadi kumi za kwanza watu walishindwa kuikaba miaka na miaka.

Ukitaka kuelewa kwa mwili wako, nendeni wawili watatu ufukweni Kibirizi jioni, pale mchanga umebana karibu na maji. Chora mstari, hatua tatu, kita, kata. Anayerusha arushe kabla hujageuka, hiyo ndo NFL yenyewe, kwotabeki, yule mrushaji, anarusha sehemu ambayo risiva bado hajafika. Kama hamna mpira ule wa yai tumieni wa mikono uliopungua upepo, hautaruka sawa ila miguu inajifunza ile ile. Kwenye kudaka, mpira ukija juu ya kifua vidole gumba vikutane, ukija chini ya kiuno vidole vidogo ndo vikutane, na macho yabaki kwenye mpira mpaka uingie kwapani. Mtoto wa hapa aliyezoea kudaka golini atashika haraka sana. Mkifanya wiki moja hivi mtarudi kwenye simu mnaona vitu ambavyo hamkuviona mwanzo.

Mwishoni mwa Julai kambi inafunguliwa, kila timu ina wachezaji 90 na mwisho wa Agosti lazima wabaki 53. Katikati kuna mechi za kirafiki 3 na hizi ndo za kuangalia kuliko zote. Usihesabu mipira aliyodaka, angalia anaingia saa ngapi. Kama anaingia robo ya nne tu akirushiwa na kwotabeki wa tatu, bado yuko mbali. Ila ukimuona robo ya kwanza kwenye zile timu maalum, yani wanaokimbia kwenye mpira wa kuanzia na mpira wa kupiga mbali, hapo jua makocha wanamfikiria, maana risiva wa tano na wa sita hawalipwi kudaka, wanalipwa kukimbia kasi yadi hamsini kumkamata mtu wa timu nyingine au kumkinga mwenzao asikamatwe. Kuna yule anayesimama pembeni kabisa wakati wa kupiga mpira mbali, anaanza mbio peke yake huku wawili wanamsukuma, kamera mara nyingi haimuonyeshi mpaka afike kwenye mpira. Kazi ngumu sana ile na haina shukrani, na ndo ajira yake.

Agosti isikulevye pia. Victor Cruz, kijana wa Paterson, New Jersey, alitoka chuo cha Massachusetts bila drafti mwaka 2010, New York Giants wakamsaini, kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya New York Jets akafunga tachidauni 3, yani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, Marekani nzima ikaongea, afu msimu wenyewe akaumia na hakudaka hata mpira mmoja. Mwaka uliofuata, 2011, akapata yadi 1,536, rekodi ya New York Giants kwa msimu mmoja wakati ule, ikiwemo tachidauni moja ya yadi 99 dhidi ya hao hao Jets mkesha wa Krismasi, na msimu ukaisha na ubingwa wa Super Bowl. Kwa hiyo akipotea mwaka wa kwanza usimfute kwenye orodha yako.

Siku ya kukatwa sasa, hapa ndo wengi wanaacha kufuatilia na hapa ndo panatakiwa kukaza. Kijana akiachwa, timu nyingine 31 zina masaa 24 ya kumdai. Asipodaiwa anaweza kurudishwa kwenye skwadi ya mazoezi, watu 16 hivi wanaofanya mazoezi na timu wiki nzima bila kuwa kwenye ile 53. Kutoka huko anaweza kupandishwa kwa mechi moja, mpaka mara 3, baada ya hapo wakimtaka tena lazima wamsaini kabisa. Na timu nyingine ikimtamani inaweza kumchukua, ila mpaka imuweke kwenye 53 yake. Kwa hiyo usiangalie tu orodha ya mechi, angalia taarifa za usajili za timu kila Jumanne na Jumamosi, mara nyingi jina lake utalikuta huko.

Adam Thielen alipitia hapo hapo. Chuo chake ni Minnesota State kule Mankato, daraja la pili, hakudraftiwa 2013 na hata mkataba hakupewa kwanza, alienda kwa majaribio tu kwenye kambi ya Minnesota Vikings, timu ya jimboni kwao. Mwaka mzima skwadi ya mazoezi. 2014 akaingia kwa mlango wa timu maalum, siku wanacheza na Carolina akazuia mpira wa kupigwa mbali, akauokota akakimbia nao mpaka tachidauni. Kudaka mipira kama nyota kulikuja baadaye kabisa, 2018 alianza msimu kwa mechi 8 mfululizo kila moja zaidi ya yadi 100. Kati ya kambi ile na mechi hizo ni miaka mitano. Mitano, ndugu zangu.

Na Welker, San Diego walimsaini 2004 wakamwacha baada ya mechi moja. Miami wakamchukua, na Oktoba mwaka huo mpigaji wao wa magoli kaumia, basi siku hiyo hiyo dhidi ya New England Patriots Welker akarudisha mipira ya kuanzia na ya kupigwa mbali, akapiga goli la yadi 29 na pointi ya nyongeza, na akamkamata mtu. Hakuna aliyewahi kufanya yote hayo kwenye mechi moja kabla yake. Mwaka 2007 Patriots, wale wale aliowafanyia hayo, wakatoa nafasi mbili za drafti kumpata, akawadakia zaidi ya mipira 100 kwenye misimu 5.

Msimu ukianza Septemba, masaa ni rafiki kuliko watu wanavyodhani. Mechi za mchana za Jumapili kule zinaanza saa 2 usiku kwetu, za pili kama saa 5 na dakika 25, zile za usiku wa kwao ni saa 9 na dakika 20 alfajiri ya Jumatatu, hizo mwenye kazi aachane nazo. Jumapili ya kwanza ya Novemba wao wanarudisha saa nyuma, basi ongeza saa moja kwenye zote. Bando likiwa dogo chaneli ya NFL ya YouTube inatoa hailaiti bure, shusha ubora mpaka 240, bado miguu inaonekana.

Afu kila Jumatatu fungua tovuti ya Pro Football Reference, tafuta jina lake, uangalie vitu viwili tu, ameingia uwanjani mara ngapi na amerushiwa mipira mingapi. Yadi ziache kwanza. Akitoka kucheza asilimia 10 akafika 30 huku hajafunga kitu, anapanda huyo. Ukiona anaingizwa jaribio la tatu, ule wakati ambao wakikosa mara nyingi inabidi waupige mpira mbali na kuuacha kwa wapinzani, ujue kwotabeki ameshamwamini.

Mwaka wa tatu ukiisha akiwa bado kwenye kikosi anakuwa huru nusu, timu yake ina haki ya kulinganisha ofa ya timu nyingine ikambakisha, na wa nne ukiisha yuko huru kabisa, hapo ndo pesa kubwa inakuja kama imo. Wengi hawafiki. Rod Smith alifika, hakudraftiwa, akapitia skwadi ya mazoezi Denver, na mpira wake wa kwanza kudaka kwenye ligi mwaka 1995 ulikuwa tachidauni ya yadi 43 sekunde za mwisho dhidi ya Washington, akastaafu na mipira 849 na yadi 11,389, timu moja maisha yote. Wanaotaka kuanza wasisubiri Aprili, kuna vijana sasa hivi wako kwenye skwadi za mazoezi za timu zote 32, chukua orodha ya timu yoyote, tafuta risiva ambaye kwenye sehemu ya drafti hana raundi, anza naye wiki hii.