Kuomba nyaraka za serikali kwa ajili ya kumbukumbu za shirika la haki: mwongozo kwa walioko Arusha

Ukikabidhiwa kitengo cha utafiti na kumbukumbu katika shirika la haki za raia hapa Arusha, utakuta kabati lenye simulizi nyingi na nyaraka chache. Kuna mjane wa Meru anayedai shamba la marehemu mumewe, wafugaji wa Longido wenye madai ya mipaka, kijana aliyekaa mahabusu bila kujua kosa lake. Simulizi hizo ni hazina na zilindwe. Lakini wakili akizipeleka mahakamani, jambo la kwanza ataulizwa waraka: muhtasari wa kikao uko wapi, nani alisaini, ulipokelewa tarehe gani. Karatasi hizo mara nyingi zimelala masjala ya ofisi ya umma, na raia ana haki ya kuziomba kwa barua.

Haki hiyo inatajwa kwenye Ibara ya 18 ya Katiba, na utaratibu wake uko katika Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake za mwaka 2017. Sheria hii ni ya Tanzania Bara. Inazigusa mamlaka za umma, na pia taasisi binafsi zinazotumia fedha za umma au zinazoshika taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma. Soma sheria yenyewe kabla ya kuandika barua yoyote, maana si ndefu, na afisa anayeipokea barua yako hutambua mara moja kama mwombaji ameisoma.

Haki hii amepewa raia wa Tanzania. Kwa hiyo ombi lisainiwe na mtu mwenye jina, raia, akitaja cheo chake ndani ya shirika, na aambatishe nakala ya kitambulisho cha NIDA. Ombi likisainiwa na mfanyakazi wa kujitolea kutoka nje ya nchi, umeipa ofisi sababu ya kukukatalia kabla haijasoma hata aya moja. Ambatisha pia nakala ya cheti cha usajili wa shirika kutoka kwa Msajili wa NGOs.

Kabla ya kuandika: waraka uko mlango gani?

Si kila karatasi inaombwa kwa sheria hii, na watu hupoteza miezi kwa kugonga mlango usio wao.

Nyaraka kongwe zina njia yake. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, kumbukumbu za umma hufunguliwa kwa watafiti baada ya miaka 30, na kazi hiyo iko chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Chukua mfano wa Wameru walioondolewa Engare Nanyuki mwezi Novemba 1951 ili kupisha walowezi wa Kizungu, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Mafaili ya serikali ya kikoloni ya Jimbo la Kaskazini yanayohusu jambo kama hilo utayaomba kama mtafiti wa nyaraka za taifa, kwa barua ya utambulisho na kwa kufuata taratibu za chumba cha kusomea. Mtafiti asiye raia atatakiwa kwanza kuwa na kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani nyingi zimewekwa wazi kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, kwa hiyo zitafute huko kwanza. Mwenendo wa kesi na vielelezo unaviomba kwenye mahakama husika, ukitaja namba ya kesi. Hukumu za Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa hapa Arusha, zinasomwa na mtu yeyote kwenye tovuti yake. Kumbukumbu za iliyokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofungwa tarehe 31 Desemba 2015, zinatunzwa na chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi zake, eneo la Lakilaki wilayani Arumeru. Kule nyaraka za wazi ni za wazi, na zinazolinda mashahidi hubaki zimefungwa hata ukibembeleza namna gani. Ninaiheshimu sana nidhamu hiyo, na nadhani kila shirika letu lingefaa kujifunza namna wanavyotenganisha faili la umma na faili la siri.

Kama unataka kwenda vijijini kuhoji watu, hilo ni ombi jingine tena. Barua huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha kwa watendaji wa kata na kijiji. Usichanganye ombi la kuhoji na ombi la nyaraka katika barua moja, kwa sababu litazungushwa meza nyingi na mwishowe hakuna atakayelijibu.

Taja waraka, usitaje mgogoro

Hapa ndipo maombi mengi hufia, na hapa ndipo mkuu wa kitengo anapopaswa kutumia sehemu kubwa ya muda wake.

Barua inayosema "tunaomba taarifa zote kuhusu mgogoro wa ardhi katika kata yetu" haina jibu. Afisa hajui aanzie faili lipi, na neno "mgogoro" limeshamtia hofu. Kwake yeye ofisini hakuna faili linaloitwa mgogoro. Kuna mihtasari, barua zenye namba, ramani, orodha za malipo, taarifa za kamati. Kazi yako ni kujua uamuzi unaouchunguza ulipita wapi, na kila ulipopita uliacha karatasi gani.

Tuseme unachunguza ardhi ya kijiji iliyogawiwa mwekezaji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Basi lazima kuwe na muhtasari wa mkutano mkuu, wenye tarehe na mahudhurio, na muhtasari wa halmashauri ya kijiji uliotangulia. Kama watu walilipwa fidia, kuna taarifa ya uthamini na jedwali la fidia. Kama jambo lilifika wilayani, kuna muhtasari wa kikao cha Baraza la Madiwani au cha kamati yake. Madiwani hukutana kila robo mwaka, kwa hiyo ukijua mwezi jambo lilipojadiliwa, unaweza kutaja robo na mwaka wa fedha.

Ili kuyajua haya, rudi kwa walio kwenye tukio kabla ya kwenda ofisini. Muulize mzee aliyehudhuria mkutano: ulikuwa kabla ya mvua za masika au baada ya mavuno? Mwenyekiti wa kijiji alikuwa nani wakati huo? Mtendaji alisoma barua yoyote mbele ya watu, na ilitoka kwa nani? Mara nyingi kuna mtu ana nakala ya barua ya mwaliko iliyokunjwa ndani ya Biblia au mkoba wa kadi za kliniki, na kwenye kona ya barua hiyo kuna namba ya kumbukumbu ya faili. Namba hiyo ni dhahabu. Ukiinukuu, mtunza masjala atajua ni kabati gani.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote: usiandike majina ya waathirika au ya waliokusimulia katika barua ya ombi. Barua hiyo itagongwa mhuri, itasomwa na mhudumu, karani, afisa na mkuu wake, kisha itawekwa kwenye faili ambalo huna mamlaka nalo. Mwanamke aliyekueleza habari zake kwa siri akitajwa humo, umemweka hadharani kijijini kwake. Waraka unapatikana kwa tarehe na namba bila jina la mtu. Kama lazima uombe faili la mtu binafsi, mathalani la mfungwa au mgonjwa, upate kwanza ridhaa yake ya maandishi na uiambatishe.

Barua yenyewe

Kanuni za mwaka 2017 zina fomu ya maombi. Ijaze, uisindikize na barua ya kawaida ya kiofisi, kwa sababu ofisi zetu zimezoea barua. Elekeza kwa mkuu wa taasisi, mfano Mkurugenzi wa Jiji la Arusha au Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Meru, na chini yake uandike "Kwa kuzingatiwa na Afisa Taarifa". Sheria inazitaka ofisi ziwe na afisa wa kushughulikia maombi haya. Kiini cha barua kinaweza kusomeka hivi:

"YAH: MAOMBI YA NAKALA ZA MIHTASARI YA VIKAO

Kwa mujibu wa Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, mimi niliyesaini hapa chini, raia wa Tanzania, naomba nakala za nyaraka zifuatazo: (i) muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji (taja kijiji na kata) uliofanyika mwezi Machi 2019, pamoja na orodha ya mahudhurio, (ii) muhtasari wa kikao cha Baraza la Madiwani cha robo ya tatu ya mwaka wa fedha 2018/2019, sehemu inayohusu ardhi ya kijiji hicho. Iwapo sehemu ya waraka wowote inazuiliwa kisheria, naomba nipatiwe sehemu iliyobaki na nielezwe sababu ya zuio kwa maandishi. Nipo tayari kulipia gharama za nakala."

Weka anwani, simu na barua pepe. Weka kumbukumbu namba ya kwenu juu, kwa sababu majibu yatainukuu. Nyaraka zisizidi tatu au nne kwa barua moja. Ukihitaji zaidi, andika barua nyingine.

Kuna taarifa ambazo sheria inaziruhusu ofisi kuzizuia: zinazohatarisha usalama wa taifa, zinazovuruga upelelezi halali, zinazoingilia faragha ya mtu, zinazodhuru maslahi halali ya kibiashara, na nyingine za namna hiyo. Pima ombi lako dhidi ya orodha hiyo kabla hujalipeleka. Orodha ya mahudhurio ina majina ya watu, kwa hiyo jiandae kusikia hoja ya faragha na uwe na jibu.

Mwombaji asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaweza kueleza ombi lake kwa mdomo na afisa akaliandika. Msindikize, lakini mwache aseme mwenyewe.

Kuipeleka na kuhesabu siku

Ipeleke kwa mkono masjala, nakala mbili. Nakala moja inabaki, nyingine inagongwa mhuri wa "imepokelewa" na tarehe, na inarudi nawe. Usiondoke bila mhuri. Kama ni kwa barua pepe, omba uthibitisho wa kupokelewa. Sheria inaitaka ofisi ijibu haraka iwezekanavyo, isizidi siku 30. Bila mhuri huna pa kuanzia kuhesabu.

Wakikubali, wanaweza kukutoza gharama za nakala. Omba namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, lipa benki au kwa simu, na tunza risiti. Usimpe mtu fedha taslimu mkononi, hata akikuambia ni ya karatasi tu. Waraka uliopatikana kwa njia hiyo utakuaibisha siku ukiulizwa ulivyoupata.

Siku 30 zikipita kimya, andika barua fupi ya ukumbusho yenye adabu, uambatishe nakala yenye mhuri, na usiache wiki nyingi zipite. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kisha una siku 30 za kumwomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi huo, naye ana siku 30 za kuamua. Usiporidhika, unakata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana na sheria hii, nako ni ndani ya siku 30. Katika kila ngazi jibu hoja waliyoitoa tu. Ukianza kusimulia mgogoro wote upya, umewasaidia kukwepa swali.

Hadi hapo uwe na wakili karibu. Ofisi za Tanganyika Law Society, chama cha mawakili wa Tanzania Bara, kanda ya Arusha zinaweza kukuelekeza kwa mawakili wanaosaidia bila malipo.

Waraka ukishafika

Usiutie kwenye bahasha na kuupeleka moja kwa moja kwa wakili. Usajili kwanza siku hiyo hiyo: namba ya daftari lenu, tarehe ya kupokea, ofisi uliyotoka, kumbukumbu namba ya barua yao, idadi ya kurasa, na masharti kama yapo. Piga picha au skani, hifadhi nakala ya kidijitali sehemu mbili tofauti, kisha funga nakala ya karatasi pamoja na barua zote za maombi: ombi, mhuri, ukumbusho, risiti, jibu. Jalada hilo zima ndilo ushahidi kwamba waraka ni halali. Barua ya kukataliwa nayo isajiliwe, maana mtafiti wa miaka ijayo atataka kujua nani alikataa nini, na kwa sababu gani.

Nyaraka zikiwa na majina, namba za simu au habari za afya za watu, sasa mnafungwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Shirika linalokusanya taarifa za namna hiyo linatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anzeni usajili huo mapema, kabla kabati halijajaa.

Mwisho, rudisha nakala kijijini. Mwenyekiti apate yake, na wale waliokueleza tarehe na majina ya vikao wasomewe muhtasari kwa lugha wanayoielewa, Kimaasai au Kimeru kama ndiyo yao. Wakisema "hapa pameandikwa tuliohudhuria tulikubali, na sisi tulikataa", andika maneno yao siku hiyo, wasaini au waweke dole gumba, na uyafunge kwenye jalada lile lile, nyuma ya muhtasari.