Vifaa vidogo vya breki za ngoma za Land Rover 109: namna ya kuvipata bila kuuziwa visivyo vyake

Ngoma na breki shuu (vipande vinavyobana ngoma kwa ndani) za 109, Land Rover ile ndefu, hazina shida kubwa kupatikana. Kinacholaza gari juu ya stendi wiki nzima ni vitu vya kuenea kiganjani: springi, mipira ya silinda (inayozuia mafuta ya breki yasivuje), nipo ya kutolea upepo, skrubu za ngoma. Nazitengeneza Series IIA na III, matoleo ya zamani ya Land Rover, hapa Arusha, na utaratibu wangu ni huu.

Hatua ya 1: Fungua upande mmoja tu

Legeza kwanza adjusta, kile kirekebishi cha kusogeza shuu karibu na ngoma. Kila gurudumu la mbele la 109 lina mbili. Ngoma imeshikwa na skrubu tatu ambazo vichwa vyake vimezama, na hizo ndizo zitakazokutoa matusi. Usizizungushe kwa bisibisi ya kawaida mpaka vichwa viishe. Loweka mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, asubuhi tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo.

Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa, maana lainingi (tabaka la msuguano juu ya shuu) za zamani zilikuwa na asbesto. Lilowanishe, lifute, tupa tambara.

Upande wa pili uache mzima hadi huu umalizike. Huo ndio mchoro wako. Picha za simu ni nzuri, ila mara nyingi hazionyeshi kama springi imepita mbele au nyuma ya shuu.

Hatua ya 2: Kagua springi

Ishike kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kati ya mizunguko, imevutika, haifai. Wazee wa gereji huidondosha sakafuni: nzima hutoa sauti butu, iliyochoka hulia kama kengele. Mimi naamini mwanga kuliko sikio. Kabla ya kwenda kutafuta nyingine, andika unene wa waya, idadi ya mizunguko, urefu, na kulabu zinaelekea wapi. Na badilisha springi za ekseli nzima, kushoto na kulia.

Hatua ya 3: Pima silinda

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Gari hili ni la inchi, maduka yetu ni ya milimita. Inchi 1 ni milimita 25.4, inchi 1 na 1/8 ni 28.6, inchi 1 na 1/4 ni 31.75. Niliwahi kuuziwa mipira ya 28 kwa silinda ya inchi 1 na 1/8. “Inaingia hiyo mzee, tofauti ni unywele tu,” aliniambia kijana wa dukani. Iliingia kweli, tena bila kusukumwa, na hiyo ingetosha kunishtua. Siku ya kwanza pedali ilikuwa ngumu safi. Siku ya tatu gurudumu lilikuwa limelowa mafuta ya breki.

Kwa hiyo pima tundu la silinda kwa vernia (kipimo cha taya mbili), kisha soma saizi iliyoandikwa kwenye mpira wa zamani. Pitisha ukucha ndani ya tundu. Ukikwama kwenye kijishimo cha kutu, achana na mipira, nunua silinda nzima. Silinda za mbele zina ya kulia na ya kushoto; sema unataka ipi.

Hatua ya 4: Thredi za nipo na paipu

Za zamani ni 3/8 UNF (thredi za inchi), yaani milimita 9.5. Series III za mwishomwisho nyingine zina M10 (thredi za milimita 10), na gari lililopita mikononi mwa mafundi kumi linaweza kuwa na zote mbili. M10 haiingii kwenye tundu la 3/8, hapo huna hasara. Hatari ni kinyume chake: 3/8 kwenye tundu la M10 inaingia, inashika kidogo, halafu inachomoka siku unayokanyaga breki kwa nguvu zote. Jaribu kwa vidole kabla ya kugusa spana.

Hatua ya 5: Nenda na kifaa chenyewe

Ukisema “Land Rover” utaletewa chochote. Weka cha zamani mezani. Dar nenda Gerezani, Nairobi nenda Kirinyaga Road. Wenye akiba ya zamani watakuuliza namba ya kifaa, ambayo ni tarakimu sita au huanza na RTC. Ukikosa kote, agiza Uingereza kwa namba hiyohiyo, bado vinatengenezwa.

Hatua ya 6: Kufunga

Osha mipira kwa mafuta mapya ya breki. Petroli, dizeli na grisi ya kawaida huivimbisha. Funga, toa upepo, kisha mtu akanyage pedali kwa dakika moja huku wewe uko chini na tochi, ukitazama nyuma ya kila silinda. Kagua tena baada ya kilomita chache.

Vya zamani usitupe. Springi moja nzima na skrubu mbili zilizotoka salama, zilizomo kwenye kopo la Blue Band, zimeniokoa jioni nyingi ambazo maduka yalikuwa yamefungwa.